Ekstenda, plagi za stima, meshi au waya: kipi kitavuka ukuta wa nyumba ya mawe?

Kwetu ni Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, zile ambazo ukikaa dirishani unanyoosha mguu mzima kwenye unene wa ukuta na bado pabaki pa kuweka kikombe cha kahawa. Mchana wa Februari ule ubaridi wake ni raha tupu, lakini kwa waifai ukuta huo ni jela. Rauta ya faiba fundi aliifunga chumba cha mbele chini, nyuma ya televisheni, kwa sababu waya wake uliishia hapo na alikua na haraka ya kwenda nyumba nyingine, na mimi meza yangu ya kuandikia programu iko juu chumba cha nyuma, yani katikati kuna kuta mbili, dari la boriti na friji. Kinachonichekesha ni kwamba sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii inaingilia kwetu hapa hapa, SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, nyaya zimelazwa chini ya bahari maelfu ya kilomita, alafu zikifika kwetu nyumbani zinashindwa kupanda ngazi.

Basi nimejaribu njia nne, na si kwa mpango, ni kwa ubahili: nlianza na ya bei rahisi, ikinishinda napanda ya pili. Ukiongeza na nyumba za jamaa nilizoitwa, ile ya "wewe si mtu wa kompyuta, hebu njoo utuangalilie hii", kila kimoja nimeshakifunga zaidi ya mara moja. Naandika ili mwenye kutaka kununua asinunue mara nne kama mimi.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Weka kwenye simu apu yoyote ya kupima nguvu za waifai, inakupa namba ya dBm yenye alama ya kutoa mbele, na kadri inavyokaribia sifuri ndio nguvu zaidi. Kwenye 50 hivi (hio alama ya kutoa naiacha) uko sawa kabisa, ukifika 67 hapo ndio mpaka wa simu za video zisizokatika, ukishuka mpaka 80 na kitu usitarajie chochote, na ujue kila ukishuka 3 nguvu imepungua nusu, sio "kidogo tu". Mimi karibu na rauta nlipata 38, chini ya ngazi 61, mezani kwangu 84. Kumbe hata WhatsApp kupita ilikua ni huruma ya Mola.

Pili, chukua laptopu uichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye rauta upime spidi. Kama hapo pia ni mbovu basi shida iko kwa anaekuuzia intaneti, na hakuna kidude chochote katika hivi nnavyovizungumzia kitakachokusaidia. Watu wengi huruka hii hatua, wananunua ekstenda ya kuongeza kitu ambacho hakipo.

Tatu, itoe rauta nyuma ya televisheni na mbali na friji, iweke juu ya kabati mahali pa wazi, na kwa bendi ya gigahezi 2.4 uchague chaneli 1, 6 au 11 peke yake, kwa sababu hizo tatu ndio hazipandiani. Mji wa Kale nyumba zimebanana, mtu akipiga chafya nyumba ya pili unamwambia afya, basi na waifai za majirani ni hivyo hivyo, zote zimejazana chaneli moja. Bendi ya 5 ina nafasi zaidi na ni kasi lakini ukuta mnene inauogopa. Kwangu mimi kuhamisha tu kulinitoa 84 nikafika 79. Haikutosha, lakini ilikua bure. Shangazi yangu mmoja tatizo lake liliishia hapo hapo, rauta ilikua ndani ya kabati la vyombo, la chuma tena.

Haya, ekstenda. Hii ndio kila duka watakuonesha kwanza kwa sababu ni ndogo, ni rahisi, unachomeka ukutani kwisha. Kazi yake ni kama mtu aliesimama mlangoni anasikiliza maneno ya sebuleni alafu anayarudia kwa walioko jikoni, sasa shida ni kwamba akiwa anasikiliza hawezi kusema, na akisema hawezi kusikiliza, kwa hivyo zile zenye redio moja spidi inakatika karibu nusu hata kabla ukuta haujachukua fungu lake. Zenye bendi mbili zina nafuu, inaweza kusikiliza kwa 5 ikasema kwa 2.4. Na kosa ambalo nlilifanya mimi na karibu kila mtu hulifanya ni kuichomeka kwenye kile chumba chenye shida, unaona taa zote zinawaka na simu inaonesha mistari minne, lakini hakuna kinachofunguka, kwa sababu inarudia kwa sauti kubwa kitu ambacho yenyewe haijakisikia vizuri. Inatakiwa ikae katikati, pale namba iko 60 na kidogo. Kwetu pale ni kwenye ngazi. Kwenye ngazi nyumba ya kizamani hakuna soketi, nikavuta ekstensheni kutoka chini, mamangu akajikwaa mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akasema nichague kati yake na huo waya.

Lakini nisiionee. Rafiki yangu amepanga Bamburi fleti ya vyumba viwili, kuta za bloku za kawaida, ekstenda moja kwenye korido na hana habari. Kama ukuta wako ni mwembamba na unachotaka ni YouTube tu chumbani, chukua, usisikilize makala marefu.

Plagi za stima ndio nlizozipenda zaidi kwa akili na zikaniangusha zaidi kwa vitendo. Zinakuja mbili, moja unachomeka karibu na rauta unaiunga kwa waya mfupi, ya pili unachomeka chumba unachotaka, na data inapita ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi, ukuta umeshindwa. Na kweli nyumba yenye waya mzuri uliofungwa siku moja na fundi mmoja, zinafanya kazi mpaka unashangaa. Kwetu sisi chini kulifungwa zamani, juu kukaongezwa baadae, nyuma kukaongezwa tena na mtu mwingine, na data yake ikabidi izunguke mpaka kwenye boksi la swichi kuu ndio irudi. Kama nyumba ina fezi tatu (nyaya tatu tofauti za umeme zinazoingia kutoka mtaani) na vyumba viwili viko fezi tofauti, mawimbi yanafika yamechoka au hayafiki kabisa. Halafu usizichomeke kwenye ekstensheni yenye kinga ya stima, ile kinga inayachuja mawimbi yenyewe ikidhani ni uchafu, lazima iingie ukutani moja kwa moja, na nyumba yenye soketi moja kila chumba utajua mwenyewe utachomoa nini.

Kingine, boksi limeandikwa 600 kwa herufi kubwa, lakini baadhi ya hizo tundu lake la waya ni la megabiti 100, kwa hivyo hata miujiza ikitokea hautavuka 100. Mimi hata huko sikufika. Ilikua inakwenda vizuri asubuhi, ikifika magharibi ya Ramadhani blenda za juisi zikianza kunguruma jikoni, mkutano wangu wa video unageuka picha za mnato. Na usisahau kubonyeza kile kitufe cha kuziunganisha hizo mbili ziwe na ufunguo wao wenyewe, kwa sababu zikitoka dukani ufunguo ni wa wote, na humu mjini kuna nyumba ngapi zinashirikiana laini moja ya umeme na mpangaji wa nyuma? Unaweza kujikuta umemfungulia jirani mlango bila kumkaribisha.

Sasa kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi lolote katika hivi vyote, nalo ndilo lililonibadilisha mawazo. Stima ikipotea. Faiba yenyewe haihitaji umeme wa kwako, ni mwanga ndani ya kioo, mara nyingi stima ikikatika mtaani huku intaneti bado iko mlangoni, kinachozima ni kile kiboksi cha faiba na rauta tu, na hivyo vinakula umeme kidogo, betri ndogo ile ya rauta, ya volti 12, inavibeba saa kadhaa. Nimefanya kazi usiku mtaa mzima giza. Lakini angalia: ekstenda ya kuchomeka ukutani haina tundu la betri, stima ikienda inakwenda nayo. Plagi za stima ndio usiseme, hizo zimezaliwa ukutani zinafia ukutani. Meshi nyingi na rauta ya kawaida zina adapta zao za pembeni, kwa hivyo unaziweka kwenye betri zikaendelea. Kwa mtu anaefanya kazi nyumbani Mombasa hii peke yake inaondoa nusu ya orodha.

Na hapa nikutahadharishe, soma kile kikaratasi chini ya rauta kabla hujaichomeka kwenye betri. Nyingine ni volti 9, ukiipa 12 unaipika, na mimi moja nimeipika, harufu yake naijua. Ampea za betri zikizidi haina neno, volti ndio lazima zilingane, na chanya na hasi zikae kama mchoro unavyoonesha.

Meshi sina mengi. Ni vidude viwili au vitatu vinavyojuana, jina la waifai moja nyumba nzima, unatembea na simu bila kukatika, unaviendesha kwa apu, na ndio ghali kuliko vyote hivi. Wauzaji wanakufanya uamini kwamba meshi inapita ukuta kwa namna ya peke yake, hapana, baina ya kidude na kidude bado ni waifai ile ile na ukuta ni ule ule, isipokua umeviunga kwa waya, na ukishavuta waya si ungebaki na waya wenyewe? Siri ni kuviweka vionane, kupitia uwazi wa ngazi au uani, sio kupitia ukuta. Zenye redio tatu zinatenga moja kwa mazungumzo yao wenyewe, zile za mbili zinagawana na simu zenu. Shangazi yangu wa Tudor, nyumba ya kisasa ghorofa moja na ngazi iko wazi katikati, nlimwambia anunue meshi ya vidude viwili, na tangu siku hio hajanipigia simu ya intaneti. Kwa alietengeneza mitambo ya watu wa kwao anajua hio ni sifa kubwa kiasi gani.

Sasa waya. Nlikua naukwepa kwa sababu ya kazi, na kwa sababu Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kuamka asubuhi na drili ukatoboa uso wa nyumba ukaning'iniza unavyotaka. Lakini kila nyumba ya zamani ina tundu lake. Yetu ilikua ya antena ya televisheni ya zamani upande wa uani, waya wa antena umekatika miaka lakini tundu lipo, nikatoka na dirisha la chumba cha mbele, nikazunguka ndani ya uwa, nikapanda na bomba la maji mpaka pale. Mita 20 na kitu. Waya wa Cat5e (aina ya waya wa mtandao) unabeba gigabiti moja mpaka mita 100, kwa hivyo kwa nyumba za kawaida usihangaike kulipia Cat6 kama tofauti ya bei inakuuma.

Mara ya kwanza nliuziwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, duka moja mjini, na nlilipa bei ya shaba. Ulifanya kazi wiki tatu, alafu kila upepo ukivuma laini inakatika, nyuzi zake ni dhaifu, ukizikunja mara mbili tatu zinavunjika ndani kwa ndani. Namna ya kuujua ni rahisi, chukua wembe ukwangue uzi mmoja, ukiona weupe ndani huo ni alumini, rudisha hapo hapo kabla hujatoka dukani. Ule wa shaba ukiubeba utausikia uzito. Kama unapita nje nunua mweusi wa nje, ule wa kijivu wa ndani jua letu linaupasua ganda. Na hewa ya chumvi hii ya kwetu usiichezee, pini zikikaa nje zinaota kutu ya kijani, kwa hivyo vichwa vyote vibaki ndani, na pale waya unapoingilia tunduni uache ushuke kidogo kama tumbo ndio upande tena, maji ya masika yadondokee pale chini yasifuate waya mpaka kwenye rauta.

Vichwa nlijifunza kukrimpa (kuvibana kwenye waya) mwenyewe, koleo lake hata kuazima kwa fundi unaweza. Mpango wa rangi nnaotumia pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Watu wanauliza kwani lazima kijani kitenganishwe na bluu zikae katikati, ndio lazima, usizipange jozi kwa jozi kwa sababu zinapendeza macho. Ukimaliza, kwenye Linux (mfumo huru wa kuendeshea kompyuta) andika ethtool na jina la kadi yako uangalie spidi ya laini. Ikisema 1000 umefaulu. Ikisema 100 wakati pande zote zinaweza gigabiti, mara nyingi kuna uzi haujashika, maana 100 inatumia nyuzi nne tu lakini gigabiti inataka zote nane, kata kichwa rudia, usijidanganye kwamba inatosha.

Ule upande wa juu nikaweka rauta kuukuu iliyokua imelala kwenye droo, na hapa ndipo mtu wa kupenda kuchokonoa kama mimi anapata starehe yake. Nliipa OpenWrt, programu huru ya kuendeshea rauta, iliyoanza 2004 baada ya kampuni ya Linksys kulazimika kuachia msimbo wa programu ya rauta yake ya WRT54G kwa vile ndani ilikua ni Linux, na leseni yake inataka msimbo uwe wazi. Kabla hujajaribu hakikisha modeli na toleo lake, maana rauta mbili za jina moja, v1 na v2, ndani zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na matoleo ya sasa hivi yanataka angalau hifadhi ya megabaiti 8 na RAM ya 64, tena hapo ni kwa kubanana. Zenye chipu za waifai za Broadcom nyingi hazielewani nayo. Fanya kazi hio kwa waya sio kwa waifai, na rauta iwe juu ya betri, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kuandika utabaki na kipande cha plastiki. Na usishtuke ukimaliza ukaona hakuna waifai yoyote, OpenWrt huanza na waifai imezimwa, inakungoja uiwashe. Mimi nlidhani nimeiua, nusu saa nzima nimekaa na huzuni.

Kuigeuza iwe kituo cha waifai tu, ipe anwani yake isiyogongana na ya rauta kubwa, kama ya chini ni 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2, zima DHCP ili kugawa anwani kubaki kazi ya mmoja, na ule waya kutoka chini uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) sio lile la WAN (la intaneti inayoingia). Hilo la mwisho ndilo wanalokosea wengi, ukiingiza WAN intaneti inapita vizuri, unajiona fundi, alafu simu za juu haziioni printa ya chini kwa sababu umetengeneza nyumba ndani ya nyumba. Jina na pasiwadi viwe sawa na vya chini, chaneli iwe tofauti. Kama simu inang'ang'ania rauta ya mbali, punguza nguvu za kurusha, simu ndio inaamua kuhama, na haihami mahali ambapo bado panaitosha. Hata kama rauta yako haikubali OpenWrt hatua hizi hizi nyingi zinafanyika kwenye programu iliyokuja nayo, usiitupe.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi: nyumba ya mawe, yako au ya familia, waya na rauta kuukuu, wala sihitaji kufikiria mara mbili, gharama ni mita za waya na jasho la Jumapili moja. Nyumba ya kisasa yenye ngazi wazi na hela zipo na hutaki kusumbuka, meshi. Umepanga na mwenye nyumba hataki hata msumari, jaribu kwanza waya ule bapa unaopita chini ya mlango na kando ya zulia, ukishindikana ndio ekstenda, yenye bendi mbili. Plagi za stima nunua tu kama duka litakubali urudishe, kwa sababu hakuna anaeweza kukwambia kabla ya kuzichomeka kama nyaya za ndani ya ukuta wako zitazikubali.

Ekstenda yangu sikuitupa. Ami aliiomba, akaichomeka karibu na dirisha la mbele linaloangalia barazani, pale ambapo hakuna ukuta wa kuvuka, na sasa jioni wazee wanaangalia mpira kwenye simu na kahawa zao. Inafanya kazi vizuri sana, mpaka stima ipotee, hapo nasikia jina langu linaitwa kutoka chini.